Mzee Aliyebaki Ngazini

Mtaa wa Mahiwa,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Chiku,

Shikamoo, Shangazi. Nakuamkia kwa mikono miwili, maana hii ni shikamoo ya miezi yote niliyokaa kimya, na najua huko Ujiji umeshanisema mpaka umechoka. Una haki.

Macho yanaendeleaje? Binti yako Badria alituambia kwenye simu kwamba lile la kulia limeshafunguliwa bandeji na unaona mpaka ng'ambo ya barabara, ila la kushoto bado linatoa machozi. Tafadhali usilisugue. Mpe Badria barua hii akusomee, na umwambie asome taratibu, asiruke mistari kama alivyokuwa akiruka aya madrasa tukachapwa sote.

Sisi huku tupo. Mama amemaliza eda salama, anatoka kidogo, anafika sokoni na kurudi. Kaka Abdulhamid yupo na duka lake la spea kule mtaa wa Gerezani, biashara inapanda na kushuka. Mimi afya ninayo. Nakula, naenda kazini, narudi. Ukinitazama hutaona kitu, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningecheka, nawe ungeamini.

Mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza, "Unaandika, mwanangu?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu, Shangazi. Siandiki. Sijamaliza hata sehemu moja tangu mdogo wako afariki, na kwa jinsi ninavyojiona sitaandika tena. Nataka nikueleze, kwa sababu huku kila mtu ana maelezo yake, na wewe wakati wa msiba ulikuwa hospitali umefungwa macho. Ulipata habari ya kifo tu. Ya hadithi hukuipata.

Unakumbuka kwamba nilikuwa natunga hadithi kwenye simu. Naandika sehemu moja, naitupa kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji wanasoma na kuanza kupiga kelele za kutaka mwendelezo. Wengi wao ni wanawake wenye vibanda na maduka hapahapa Kariakoo, wanasoma huku wanapanga viatu na kufukuza wanaoshikashika bila kununua. Mtunzi anayeijua kazi hii hukata pabaya, pale mtu anapotaka kufunguliwa mlango, au pale barua inapochanwa kabla haijasomwa. Msomaji anabaki na arosto. Ndivyo wanavyoiita, arosto, kama ile hamu ya mvuta sigara aliyenyimwa.

Aliyenitia wazimu huu ni baba. Wewe unamjua kama mdogo wako mtundu, mimi nilimjua kama fundi cherehani wa barazani, na nilikuwa mtoto mwoga kupindukia. Nilikuwa naandika vijihadithi nyuma ya madaftari kisha nachana. Siku moja aliniwekea kitambaa cha mteja, poplini nyeupe nzuri, akanipa mkasi, akasema, "Kata." Nikamwambia nitaharibu. Akasema, "Kitambaa hakikatwi kwa kutazamwa. Kata."

Nikakata, na kweli nikaharibu. Mteja alikuja akamtukana palepale barazani mpaka watu wakajaa. Baba alimnunulia kitambaa kingine bila kuninyooshea kidole, na kile nilichokiharibu akanishonea mfuko wa madaftari. Niliubeba shuleni mpaka ukaisha. Toka hapo kila nilipokuwa na hadithi mpya nikaiogopa sentensi ya kwanza, alikuwa akinisikia ninavyopumua, na bila kuinua kichwa kwenye cherehani anasema neno lilelile. Kata. Basi nakata.

Ramadhani iliyopita nilikuwa na hadithi ya Mzee Mfaume. Ni kuli mstaafu wa bandarini, mbishi, anakaa peke yake katika nyumba ya Kiswahili iliyobaki katikati ya maghorofa, nyumba kama yetu hii. Baba alijijua tangu sehemu ya kwanza. "Huyu mzee umemtoa wapi? Mbona anakohoa kama mimi?" Kila baada ya alasiri nilikuwa nakaa karibu yake namsomea, yeye anashona kanzu za Idi, Mama anakuna nazi pembeni akijifanya hasikii. Swaumu ilikuwa inapita bila kuiona. Shangazi, nilikuwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu.

Katika sehemu ya thelathini na moja nilimwangusha Mzee Mfaume kwenye ngazi za ghorofa.

Sikuwa na sababu kubwa. Wasomaji walikuwa wameanza kupoa, na mimi nilikuwa natafuta pa kukata. Nikamlaza chini ya ngazi, macho yamefumba, majirani wamemzunguka, nikaishia hapo. Nilipomsomea baba alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Umenibwaga ngazini, mtoto wewe! Na swaumu yangu! Haya, kesho uniinue."

Mama hakucheka. Aliacha kukuna nazi, akasema, "Usimwandikie mtu mabaya, Sitara. Maneno huumba." Mimi na baba tukatazamana kama watoto waliokemewa darasani, tukazidi kucheka.

Kesho yake, magharibi inakaribia, baba alimaliza kanzu ya mteja anayekaa ghorofa ya nne, jengo la pili kutoka kwetu. Unaijua sheria yake, kwamba nguo iliyokwisha hailali kwa fundi. Mama alimwambia afuturu kwanza. Akasema atarudi adhana haijaisha. Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu, na tangi la maji la juu lilikuwa limefurika, maji yanatiririka ngazini tangu mchana. Walimkuta chini, wamemzunguka. Ile kanzu ilikuwa kwenye mfuko wake begani, haikuingiwa na hata tone la maji.

Aliishi mpaka alfajiri. Hakufumbua macho wala hakusema neno, ingawa mimi na Mama tulimwita kwa zamu. Watu walitufariji kwamba amekwenda na swaumu yake, katika kumi la mwisho la Ramadhani, na kwamba kila Mwislamu angetamani safari hiyo. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa natazama macho yake yaliyofumba na nilikuwa nimeshayaandika.

Siku ya pili ya msiba, ukumbi umejaa wanawake, Mama alinitazama akasema, "Nilikwambia maneno huumba." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelia, yangepita. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga mlango. Baada ya hapo hakunisemesha tena ila kwa lazima, lete maji, pokea hodi, na ndivyo ilivyokuwa karibu eda yake yote. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, yeye haruhusiwi kutoka na mimi sina pa kwenda.

Kundini nako habari ilifika. Kwanza walinipa pole, wengine walikuja mpaka msibani. Kisha mmoja akaandika, "Jamani, kumbe mwandishi wetu ni mtabiri." Nadhani alitaka kunifariji, watu wana namna zao. Haikupita wiki, dada mmoja akanifuata pembeni akiomba nimtungie mhusika mwenye jina lake, apate mume mwenye duka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaogopa kicheko changu.

Kilichonimaliza ni Joyceline. Huyu ni Mchaga mwenye duka la nguo za watoto mtaa wa pili, msomaji wangu wa siku nyingi, na nilikuwa nimemwazima kwenye hadithi: muuza nguo mjamzito anayempelekea Mzee Mfaume uji. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimtie. Sasa alikuja mpaka kazini kwangu, tumbo mbele, amevaa kandambili kwa sababu miguu imevimba. Akaniita nje.

"Sitara, rafiki yangu, usinielewe vibaya," alisema. "Mimi ni mtu wa kanisa, haya mambo siyaamini. Ila naomba usiniandike chochote mpaka nijifungue. Hata uji usinipe niupeleke."

Nikamwambia siandiki tena, awe na amani. Akanikumbatia, akaenda zake kwa furaha kabisa. Amejifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume, mzima, ana mashavu kama maandazi. Kila mtu ananiambia, unaona? Hakuna kitu, yote ni imani potofu. Mimi naona kinyume chake. Niliacha kuandika, mtoto akazaliwa salama. Unione mjinga, lakini hesabu hiyo imekaa kichwani kwangu na haitoki.

Bosi wangu Rogath, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi ninapofanya kazi, alijitahidi zaidi ya wote. Alikwenda mwenyewe kwenye jengo lile, akaongea na mlinzi, akarudi kunieleza habari ya tangi na mfereji ulioziba, kwamba watu wengine wawili walishateleza palepale wiki hiyo. "Ni maji, Sitara. Sio wewe." Nilimshukuru kwa moyo wote. Najua ni maji, Shangazi. Niulize saa yoyote nitakwambia ni maji. Ila nikishika simu nitunge, mikono inakufa ganzi mpaka kwenye viwiko.

Kinachonishangaza ni kwamba maneno ya watu wengine nayachapa vizuri tu. Kutwa nzima nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha fremu za maduka, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Vidole vinakimbia. Mteja mmoja alinisifu kwamba ninachapa kama mvua. Nikajiambia, haya ndiyo yaliyobaki, kuwa mkono wa maneno yasiyo yangu mpaka nizeeke.

Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Nimeanza hadithi nyingine mpya kabisa, isiyo na mzee wala ngazi. Nikimweka mtoto, namfikiria mtoto wa Abdulhamid. Nikimweka mgonjwa, nakufikiria wewe na jicho lako la kushoto. Juzi nilimpandisha msichana mmoja kivuko cha Magogoni aende zake Kigamboni kumwona mchumba, jambo la kawaida kabisa, nikamteremsha kabla hakijang'oa nanga. Ndiyo hadithi yote. Alishuka, akarudi nyumbani kwao. Nani atasoma hadithi ya watu wasiopatwa na chochote?

Ningeweza kukaa hivyo, Shangazi. Watu wengi wanaishi bila kutunga na hawafi. Nilikuwa nimeanza kuzoea, kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Tatizo ni Mama.

Wiki moja baada ya kumaliza eda, alasiri moja, nilimkuta amekaa pale penye cherehani. Tangu msiba ilikuwa imefunikwa shuka na hakuna aliyeigusa. Alikuwa ameikunja shuka, ameiweka mapajani. Akasema, "Nisomee."

Nikauliza nimsomee nini. "Pale ulipoishia," akasema.

Sikutaka. Lakini ni mama yangu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba ananiomba kitu kisicho maji. Nikafungua simu nikasoma sehemu ya thelathini na moja yote, sauti yangu ikawa inakwenda kama gari bovu, mpaka mzee akalala chini ya ngazi na majirani wakamzunguka. Mama alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akasema, "Haya, endelea."

"Imeishia hapo, Mama."

"Basi andika. Alikwambia umwinue. Nilisikia."

Nikamwambia, "Si wewe uliyesema maneno huumba?"

"Nilisema," akanijibu. "Kwani yanaumba mabaya peke yake?"

Nilizima simu, Shangazi, nikaingia jikoni. Toka siku hiyo kila alasiri anakaa palepale na kuniangalia. Hanikasirikii tena. Ananiita mwanangu, ananiwekea chakula. Amerudi kuwa mama yangu, na mimi naona heri angeendelea kuninunia. Kwenye kununa nilijua pa kusimama.

Maana sijui anachokitaka. Sijui kama anataka hadithi au anamtaka baba. Juzi alitoa ile kofia ya vito ya baba, iliyotariziwa kwa mkono, akaifua, akaianika, akaiweka juu ya cherehani. Nikamuuliza ya nini, akasema inapata vumbi. Nikimwinua Mzee Mfaume, akasimama akatembea, halafu adhana ikaadhiniwa na mlango wa nyumba hii usifunguliwe, Mama atafiwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu kweli. Nikimwacha afe, nitakuwa nimemuulia mumewe miguuni pake, kwa sauti, neno kwa neno. Na nisipoandika kabisa, yule mzee amelala pale ngazini tangu Ramadhani, na Mama ananisubiri. Nimenasa, Shangazi. Sioni pa kutokea.

Kaka Abdulhamid anasema tuiuze cherehani, Mama apumzike nayo. Nusu yangu inakubaliana naye.

Hata hivyo nimejaribu kumtii. Nimeacha simu, nimechukua kalamu na karatasi, labda ganzi isinijue. Nimeandika, "Mzee Mfaume alifumbua macho." Hapo nafika. Nimeandika, "Akashika ukuta, akainuka." Hapo pia nafika, kwa jasho. Kisha majirani wanamtazama, wanangoja aseme neno, na yeye hafungui mdomo. Nampa maneno mazuri, anayatema. Nampa utani, si utani wake. Nimeishi na baba maisha yangu yote, nimemsikia akisema kila kitu, lakini sijawahi kumwona akianguka akainuka. Mara moja niliyomwona ameanguka, hakuinuka. Sijui anasema nini mtu yule akiinuka.

Wewe unajua. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, ukamfundisha kutembea, ukampeleka chuo cha Kurani, ukamwona akianguka kwenye miti, kwenye baiskeli, kwenye mapenzi. Nakuomba kitu kimoja tu na sitakusumbua tena. Funga hayo macho yako yanayouma, mkumbuke mdogo wako Mwinyimvua akiwa mtoto, ameanguka, watu wamemzunguka, anainuka anajipangusa. Alikuwa anasema nini? Alilia? Alitukana? Alikwambia usimsemee kwa mama? Niletee neno hilo kama lilivyotoka kinywani mwake, usilitengeneze. Mwambie Badria aliandike, hata kama ni upuuzi, hasa kama ni upuuzi. Likinifika nitalitia mdomoni mwa yule mzee, nitamsomea Mama, na litakalotokea na litokee. Lisiponifika nitaifunika cherehani, nitaendelea kuchapa kadi za harusi za watu.

Siahidi kwamba nitaweza, Shangazi. Sijiamini kiasi hicho tena. Baba angesema kata, na mimi nautafuta mkasi siuoni.

Barua hii naikabidhi kwa Benjamini, anayepeleka mzigo wa viatu Kigoma kila mwezi. Ni mtu mwaminifu, ila ana maneno mengi, mkaribishe chai na usimuulize habari za siasa. Anakaa siku chache kisha anarudi, kwa hiyo jibu lako anaweza kuja nalo.

Nisalimie Badria na mumewe Abdulmalik, waambie nimeipata ile picha ya mtoto wao na tumeibandika ukutani. Wasalimie majirani zako wote wanaokuja kukusomea Yasini. Kaka Abdulhamid anakuamkia, anasema samaki mliomwahidi bado anawangoja. Mungu akutilie nuru katika jicho lililopona na upole katika lile linalouma, na amlaze mdogo wako mahali pasipo na ngazi.

Nilikuwa nimalizie hapo. Lakini naandikia juu ya meza ya cherehani, alasiri hii, na Mama yupo mbele yangu anamenya viazi. Ameona leo kalamu inakwenda ukurasa baada ya ukurasa bila kusimama, na sikumwambia kuwa ni barua. Sasa hivi ameweka kisu chini, ameniinamia, ameniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumshtua aliyelala, "Kaamka?"

Nimemwambia, bado, Mama.

Mwanao akupendaye, anayengoja neno lako,

Sitara Mwinyimvua